Mtokaji wa Kwanza

Tarehe 9 Februari

Ndugu yangu mpendwa,

Nakusalimu, na Mama anakusalimu. Hali zetu ni njema. Mama bado anasikia kila linalosemwa chumba cha pili, na bado anajifanya hasikii anapoambiwa anywe dawa. Paa la jikoni linavuja. Fundi ameahidi kuja, na ahadi za mafundi unazijua. Watoto wa jirani huja kwangu jioni kujifunza hesabu na sarufi, nami nawafundisha, kwa sababu mtu aliyesimama mbele ya ubao maisha yake yote hawezi kustaafu akakaa anatazama ukuta.

Baada ya salamu, naingia katika jambo lililonifanya nishike kalamu.

Binti yangu yuko kwako huu ni mwaka wa tatu. Nilimleta kwako kwa sababu klabu ya mpira wa magongo iliyomchukua iko huko, na kwa sababu shangazi ni baba wa kike. Kocha wake, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe darasani na uwanjani, ameniandikia. Ameandika kwa adabu, lakini maneno yake ni mazito: binti ana kipaji ambacho klabu ile haijawahi kupata, na klabu ile bado haijakiona. Kila anapoanza kuchanua, anaumia. Kwanza kilikuwa kidole, kisha kifundo cha mguu, kisha taya, kisha tena kifundo kilekile. Wenzake waliokuja nyuma yake wamempita. Mwezi wa Juni watakuja wachaguzi wa timu ya taifa, na asipomaliza msimu huu wote uwanjani, hawatamtazama tena.

Wewe hukumwona alipokuwa shuleni kwangu. Wenzake walimwita Mshale. Alikuwa akiupokea mpira katikati ya uwanja, anainamisha kichwa, na mabeki wanabaki wakiulizana amepita wapi. Mimi sisifu ovyo. Waliosoma kwangu watakueleza. Mtoto yule alizaliwa kufunga magoli.

Kwa hiyo nakuuliza, nawe unijibu bila kumficha. Analala saa ngapi? Anatembea na nani? Mwili hufuata nidhamu. Mtu haumii mara zote hizo kwa bahati mbaya tu. Kuna mlango ameuacha wazi mahali fulani.

Wasalimie wenzako kazini.

Kaka yako


Tarehe 27 Februari

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mshikie Mama miguu kwa niaba yangu, na umwambie dawa zisipoingia kwa hiari nitakuja kuziingiza mwenyewe. Mimi mzima. Kazi ya udobi pale hotelini ni ileile: mashuka asubuhi, mashuka mchana, na ile mashine kubwa ya kupiga pasi imeanza tena kutema mvuke upande usiotakiwa. Juzi imemuunguza msichana mgeni mkono, kidogo tu. Meneja akasema ni uzembe wa msichana. Nikamwambia, bwana, mashine ikiunguza wanne, mzembe ni mashine. Hakupenda.

Na usinirudishie barua hii ikiwa na wino mwekundu kama ile ya mwaka jana. Mimi ni dada yako, si darasa la saba.

Sasa binti. Analala mapema kuliko kuku. Hatembei na mtu, labda gongo lake. Akitoka mazoezini anafua soksi, anazianika dirishani, anakula, anasinzia akiwa bado ameshika kijiko. Mlango huo unaousema, Kaka, nimeutafuta nyumba nzima sijauona.

Nikaona niende mwenyewe uwanjani. Miaka mitatu nimekuwa nikifua jezi yake bila kumwona ameivaa. Basi Jumamosi nimekwenda, nimekaa karibu na goli lao. Wewe mchezo unaujua, mimi nikueleze nilichokiona kwa macho ya dobi. Kuna ile adhabu wanayoita kona. Wapinzani wanajipanga kwenye duara, mmoja wao anasubiri kuupiga mpira kwa nguvu zake zote. Hawa wetu wanarudi ndani ya goli, kipa na wanne wengine, wanavaa vinyago vya uso. Mpira ukisukumwa tu, mmoja anachomoka golini peke yake, anakimbia kumfuata yule mpigaji, na kazi yake ni kuwa mahali mpira utakapopita. Wanamwita mtokaji wa kwanza. Kaka, mpira ule ni mgumu kama jiwe la kusagia. Na yeye anaukimbilia!

Ni binti yako. Kila kona, ni yeye. Nimemuuliza mzee mmoja aliyekaa karibu nami, mchoma mahindi pale nje: "Huyu hupokezana na nani?" Akanicheka. "Mama, huyo hapokezani. Huyo ndiye Ngao." Kumbe Mshale hawamjui. Hapa wanamwita Ngao.

Kwa hiyo kidole, kifundo, taya, na kifundo tena, si vitu vinne mbalimbali. Ni kitu kimoja.

Jambo jingine dogo, la kukuchekesha. Jumatano aliniletea chakula cha mchana kazini, tukala pamoja, akaenda zake. Haukupita muda, nikamwona tena mlangoni na chakula kingine. Nikamwambia, "Mwanangu, unataka nisipite mlango huu?" Akacheka. Lakini alichelewa kucheka. Alinitazama kwanza, akayatazama masahani yaliyokuwa mezani, ndipo akacheka.

Ni mimi mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Ndugu yangu mpendwa,

Barua yako imefika, na nimefurahi kusikia u mzima. Sikuirudisha, ingawa "masahani" ni sahani. Mama anasema usigombane na meneja kabla ya mshahara, ugombane naye baada ya mshahara. Fundi alikuja, akapanda juu ya paa, akatikisa kichwa, akashuka, hajaonekana tena.

Nimesoma maelezo yako ya kona. Ni sahihi kwa mtu anayeutazama mchezo kwa mara ya kwanza, na mchezo usioujua kila kitu chake huonekana hatari. Mimi nimepuliza filimbi katika viwanja kwa muda mrefu. Mtokaji wa kwanza huchaguliwa aliye mwepesi kuliko wote na asiyefumba macho. Si adhabu, ni heshima. Kumwita Ngao ni kumpa cheo.

Sikatai kwamba magoli yangempendeza zaidi baba yake. Lakini mchezaji mkubwa hutoka kuzuia na bado hurudi kufunga. Anayefanya moja tu ni nusu mchezaji. Tatizo la binti yangu si kazi aliyopewa. Ni kwamba akipona huanza upya kama mgeni, na akianza upya hana subira, na asiye na subira huumia. Nimemwandikia mwenyewe kumwambia hayo.

Kuhusu chakula kilicholetwa mara mbili, sioni la ajabu. Kijana anayempenda shangazi yake amekosea kwa upande wa ukarimu. Wengi hukosea upande mwingine.

Nakushauri usiende sana uwanjani. Mchezaji akijua kuna mtu wa nyumbani anayeogopa, miguu yake hupata uzito.

Kaka yako


Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini Mama hajambo na paa halijambo. Mimi sijambo. Mashine imetengenezwa, yaani imefungwa kwa waya.

Nilikwenda tena. Najua ulisema nisiende.

Ilikuwa kona. Binti akatoka kama kawaida yake. Mpira ukagonga gongo lake, ukaruka, ukampiga pembeni mwa kichwa, pale kinyago kinapoishia. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. Mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Nahodha wao, yule msichana mrefu, akafika wa kwanza, akapiga goti, akamwekea mkono begani, mdomo karibu na sikio. Nikasema moyoni, Mungu ambariki, anamtuliza. Kisha akafika mhudumu wa timu na mkoba wake. Akamuuliza maswali. Binti akajibu yote. Mhudumu akaridhika, akampigapiga mgongoni, mchezo ukaendelea.

Baadaye nilimpongeza nahodha. Kaka, nakuandikia alivyosema, neno kwa neno.

"Shangazi, hatuangushani sisi. Nilimpa majibu."

"Majibu gani?"

"Ya mhudumu. Huwa anauliza matokeo ni ngapi kwa ngapi, kipindi cha kwanza au cha pili, na tunacheza na nani. Ukikosea anakutoa. Basi anayewahi kufika anamnong'oneza mwenzake."

"Na kama hayajui kweli?"

"Ndiyo maana tunamnong'oneza."

Akasema hivyo huku anacheka, anafungua viatu. Ni mtoto mzuri, hana ubaya wowote. Wote ni watoto wazuri. Nikamuuliza, binti yetu amenong'onezwa mara ngapi msimu huu? Akawatazama wenzake. Mmoja akasema, "Ngao? Ngao tunamsomea gazeti zima." Wakacheka wote, na binti yako akacheka nao.

Nikaenda kwa kocha. Ninamjua tangu alipokuwa anakuja kwetu kula, akimaliza anaramba sufuria. Nikamwambia amtoe mtoto kwenye kona, amweke mbele afunge, kama alivyozaliwa. Akainamisha kichwa. Akasema, "Shangazi, mimi nilitaka hivyo tangu mwaka wa kwanza. Mwalimu ndiye aliyeniambia nisimdekeze. Alisema mahali pagumu ndipo atakapokomaa."

Mwalimu wake ni mmoja tu, Kaka. Je, ni kweli?

Sikugombezi. Nakuomba kitu kimoja. Yeye hanisikilizi mimi, wala daktari. Nikimwambia apumzike anasema, "Baba akisema." Mwandikie mstari mmoja, kwamba aache. Msimu huu tu, kama huwezi zaidi. Na barua hii umsomee Mama yote, usiruke.

Mdogo wako


Tarehe 30 Aprili

Ndugu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua na shughuli za paa, ambalo hatimaye limeezekwa upya, si na yule fundi bali na mpwa wake, kijana mwenye adabu. Mama amepata mafua, ameyashinda. Watoto wa hesabu wanafanya mtihani mwezi ujao na nimewaongezea muda.

Mambo uliyoandika nimeyasoma. Kunong'onezana si jambo zuri, na kocha anapaswa kulikomesha. Nitamwandikia.

Juni si mbali. Mtoto ambaye amevumilia miaka mitatu akiambiwa aache wiki chache kabla ya kutazamwa, atamlaumu aliyemwambia maisha yake yote. Nimewaona watu wa namna hiyo. Wanakaa mabarazani wakieleza walivyokuwa karibu kufika. Sitaki binti yangu awe mmoja wao, na wewe pia hutaki. Mwache amalize Juni. Baada ya hapo nitamwita nyumbani apumzike hata mwaka mzima.

Wewe una huruma, na huruma ni jambo jema. Lakini mwenye huruma na jipu halikamui.

Kaka yako


Tarehe 11 Mei

Kaka,

Nilikupigia simu ofisi ya shule yako ya zamani, hapo jirani yenu. Karani alikwenda kukuita, nikasubiri, nikasikia hatua zako, nikakwambia hali ya mtoto si nzuri. Ukasema, "Andika," ukakata. Najua hupendi mambo ya nyumbani yazungumzwe mbele ya karani. Basi naandika.

Kuna jambo binti aliniapisha nisikwambie. Nimelifunika kwa sababu niliahidi, na sasa nalifunua, dhambi iwe yangu.

Wiki iliyopita hakurudi kutoka mazoezini. Giza lilipoingia nilitoka kumtafuta. Nilimkuta kituo cha basi, mtaa wa pili tu kutoka kwangu, amekaa na mkoba wake mapajani. Mabasi yanapita. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema, "Nakusubiri wewe, Shangazi, tuliahidiana." Hatukuahidiana. Njiani akanishika kiganja, kwa nguvu, kama mtoto mdogo anayevushwa barabara. Tulipofika mlangoni akatoa ufunguo, akautazama, akaugeuza, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huu ni wa wapi?"

Anatapika asubuhi. Kichwa kinamuuma, na akisikia nauliza anaosha uso na kuimba ili nisiulize tena. Mguu wake wa kushoto unaburuta kidogo. Viatu vyake vinaisha upande mmoja.

Nilimpeleka kwa daktari wa klabu. Daktari alimuuliza leo ni siku gani, tarehe ngapi, mwezi gani. Akajibu haraka na kwa usahihi, na daktari akaniangalia mimi kama ndiye mgonjwa. Lakini nilikuwa nimekaa upande wake, Kaka, nikayaona macho yake. Nyuma ya kichwa cha daktari kulikuwa na kalenda.

Nimeficha gongo lake juu ya kabati. Kesho yake alirudi na jingine, la kuazima. Hakunilaumu. Sijui kama alikumbuka kwamba alikuwa na la kwanza.

Nikizungumza habari ya hospitali kubwa anasema mechi ya Juni ipite kwanza, Baba ameandika. Ananionyesha barua yako ya Machi. Anaiweka chini ya mto. Nimeisoma. Umeandika vizuri sana, nukta na mkato kila kimoja mahali pake.

Sitaki ubishi tena kuhusu kipaji. Tuseme anacho. Tuseme ni kikubwa kuliko ulivyosema. Mtoto ndiye ninayemtaka. Mwandikie aache, au uje umwambie.


Tarehe 24 Mei

Kaka,

Shikamoo wewe na Mama. Hapa tupo.

Sijapata jibu. Labda posta. Nakwenda kuuliza kila siku, na yule bwana wa dirishani ameanza kutikisa kichwa kabla sijafika.

Mechi ni tarehe 12.


Tarehe 3 Juni

Ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Barua zako mbili ninazo. Ya kwanza ilifika siku nyingi, na posta haina kosa.

Jumapili, Mama aliniita akaniambia nimsomee ulichoandika. Nikamsomea. Nilipofika mahali fulani niliruka, nikaendelea mbele. Mama akasema, "Rudi." Nikarudi. Nikamsomea yote, ya Aprili na ya Mei, na kalenda, na ufunguo. Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Wewe ulikuwa mtoto wa ajabu. Ukijikwaa, ulikuwa unaanza kulia kabla hujafika chini. Na mimi nilikuwa naacha kila kitu nakuja." Baada ya hapo hakugusa chakula nilichompelekea siku ile.

Kuhusu alilokwambia kocha, sina la kuandika.

Nimemwandikia binti. Karatasi imo ndani ya bahasha hii. Nimeiandika mara kadhaa na zote zilikuwa ndefu. Unaweza kuisoma kabla hujampa. Inasema hivi:

"Mwanangu, inatosha. Weka gongo chini. Mechi ya Juni usicheze, wala nyingine. Hujashindwa, na hujamwangusha mtu. Ulifanya kila ulichoambiwa, na waliokuambia ndio wenye hesabu hiyo. Sikuamuru, safari hii nakuomba. Rudi nyumbani ulale. Baba yako."

Mpe mkononi. Akiuliza maswali, mwambie nilikuwa na akili timamu nilipoandika.

Kaka yako


Tarehe 21 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Mwambie Mama nimeshukuru, na umwambie ale.

Karatasi yako ilifika mapema, siku mbili kabla ya mechi. Nataka ulijue hilo kwanza. Haikuchelewa. Nilimpa akiwa amekaa kitandani anafunga bandeji kifundoni. Aliisoma. Akaisoma tena akifuatisha kwa kidole. Akaanza kuifungua ile bandeji, taratibu, mzunguko baada ya mzunguko, akaikunja, akaniuliza kama kuna chai.

Siku ya mechi alitaka kwenda kuwatazama wenzake. Niliona hakuna ubaya. Nilipaswa kuona. Tulikaa benchi lililo karibu na goli, amevaa gauni lake la bluu na kandambili. Wenzake walikuja kumkumbatia. Kocha alimwamkia kwa mbali, hakusogea. Wachaguzi walikuwa wamekaa upande wa pili, wamevaa miwani ya jua. Mchezo ukaanza. Alikuwa mtulivu. Aliniambia, "Leo naona kila kitu vizuri, Shangazi. Kutoka ndani huwa huoni kitu."

Kipindi cha pili filimbi ikalia: kona. Wetu wakarudi golini, wakaanza kuvaa vinyago. Niliinama kuokota kitambaa changu kilichokuwa kimeanguka. Nilipoinuka, benchi lilikuwa tupu.

Alikuwa amesimama kwenye mstari wa goli, Kaka. Na gauni lake. Amepinda magoti, mikono mbele, ameshika gongo ambalo halikuwapo. Watu waliokaa nyuma yangu wakaanza kucheka, wakidhani ni mzaha. Mmoja akapiga kelele, "Ngao hastaafu!" Mwamuzi alikuwa anatazama upande wa mpigaji. Mpira ukasukumwa, naye akatoka. Kandambili zikabaki golini. Nahodha ndiye aliyemwona. Alitupa gongo, akamrukia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili, na mpira ukapita juu yao ukagonga ubao wa goli. Sauti ile ninaisikia hadi sasa nikiwa katikati ya mashine zangu.

Hakuguswa. Alikaa kwenye nyasi, akawatazama watu wanaocheka, kisha wakaacha kucheka. Nahodha akamwinamia. Hakumwambia matokeo. Alikuwa analia tu, anamwita kwa jina lake la nyumbani.

Nilimpeleka hospitali kubwa moja kwa moja kutoka pale, na safari hii hakubisha. Wamempiga picha ya kichwa. Daktari, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, amenieleza kwamba damu imekuwa ikivuja ndani polepole kwa miezi, kidogo kidogo, kama paa, na inaukandamiza ubongo. Wataitoa. Nikamuuliza atarudi kama alivyokuwa? Akasema, "Tutaitoa kwanza." Nikauliza tena, akanishika bega. Wanamfungua kichwa Alhamisi wiki ijayo, uvimbe ukishapungua.

Sasa nikueleze siku zake zilivyo, ili usije ukashtuka ukiingia chumbani. Anakula vizuri. Ananijua. Anakujua wewe, anamjua Mama. Lakini kila asubuhi anaamka, anashusha miguu, anatafuta viatu chini ya kitanda, ananiuliza mechi ni saa ngapi. Nikimwambia imepita anahangaika, anataka kutoka. Kwa hiyo nimejifunza. Natoa karatasi yako, nampa. Anaisoma akifuatisha kwa kidole. Anaisoma tena. Kisha uso wake wote unalegea, Kaka, natamani ungeuona, anaanza kufungua bandeji ambayo haipo mguuni, na ananiuliza kama kuna chai.

Halafu ananivuta mkono niiname, anatazama mlango kama kuna mtu, ananiambia sikioni, "Usimwambie Baba. Nilikuwa naogopa tangu siku ya kwanza."

Aliniambia juzi, akaniambia jana, na leo kaniambia tena, kwa sauti ileile ya mtu anayelitoa jambo hilo kwa mara ya kwanza. Nami kila siku naahidi sitakwambia.

Njoo kabla ya Alhamisi. Njoo ukae kwenye kiti hiki changu, uiname, na wewe uambiwe.

Mdogo wako